Nani Anakula Umeme

Machi 2

Umeme umeisha tena leo asubuhi, na kabla hata feni haijamaliza kuzunguka nikasikia kutoka sebuleni, "Kompyuta hizo!" Wifi yangu huyo. Hajaenda kuangalia mita, hajauliza nani alikuwa anafanya nini. Kompyuta hizo! Siku nikifunga virago nikaondoka, atasema nimeondoka na umeme kwenye mkoba.

Acha niandike, maana wa kumwambia sina. Baba ni mgonjwa, simtwishi. Kaka ni mtu wa amani, ukimpelekea shida anakuitikia "sawa, sawa" mpaka unajiona wewe ndiye mgomvi. Na wifi ndiye shida yenyewe.

Nilirudi kwenye nyumba hii ya Baba mwezi wa kumi na moja, ndoa imevunjika, na kila nilichobaki nacho kilienea kwenye pikapu moja: godoro, sanduku la nguo na vyombo vyangu vya kazi. Kompyuta ya mezani, skrini mbili, printa, ruta, na lile betri la akiba linalonipa dakika chache za kuhifadhi kazi umeme ukikatika. Kazi yangu ni kusikiliza rekodi za mikutano ya watu na kuziandika neno kwa neno. Hedfoni navaa asubuhi, navua jioni. Wiki hiyohiyo niliyohamia, Baba naye akatoka hospitali na mashine yake ya oksijeni, maana miaka yake ya kiwanda cha saruji imemaliza mapafu. Nesi alitupanga sote mbele ya kitanda akatuambia: hii haizimwi, iwe mchana iwe usiku, labda mzee akienda kuoga.

Tangu hapo umeme tunaonunua haukai. Na katika nyumba yenye mtu aliyeachika, aliyekuja na nyaya, nani mwingine wa kulaumiwa?

Machi 6

Mvua imeanza. Paa la varanda linavuja palepale, na Kaka anasema atapanda kuliziba jua likitoka. Jua likitoka atasema mbona halivuji.

Machi 9

Kikao. Kaka alikiita mazungumzo, lakini kiti changu kilikuwa peke yake upande mmoja na vyao viwili upande wa pili, nikajua ni kesi.

"Mdogo wangu," akaanza, sauti ya chini kama kawaida yake, "hakuna anayekufukuza."

Mtu akianza hivyo, jua umeshafukuzwa.

"Ila umeme huu hatuuwezi tena. Tufanye hivi. Tusubiri mpaka mvua ziishe. Kama haujapungua, hizo kompyuta utafute pa kuziweka."

"Na mimi nitakuwa wapi? Kazi yangu ndiyo hizo kompyuta."

"Wewe ni wa hapahapa. Nazungumzia kompyuta."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema wifi, huku akiokota kwenye gauni lake uzi ambao haukuwepo.

Nikauliza mbona draya haitajwi. Wifi anatengeneza watu nywele varandani, na ana draya ile ya kusimama, kofia yake kubwa kama ndoo. Akiiwasha, taa za nyumba nzima zinafifia. "Draya yangu inaingiza hela," akasema. Nikamuuliza, "Na kompyuta zangu zinaingiza nini, vumbi?" Kaka akainua mkono, yakaisha. Yaliisha kwao. Mimi nilikuja kulia chumbani na mlango nimeuegemea, mwanamke mzima.

Pa kwenda sina, na hilo wanalijua, ndiyo maana wanaongea kwa upole. Nikikosa kutuma kazi siku mbili tu, wateja wanampa mwingine. Nikitolewa hapa bila vyombo vyangu, nimetolewa kila mahali.

Machi 12

Nimenunua kipimo kwa fundi kompyuta anayenitengenezea printa. Kidude chenyewe kinaenea kiganjani. Unakichomeka ukutani, halafu chombo chako unakichomeka juu yake, kinakuonyesha chombo kinavuta umeme kiasi gani muda huo. Ukikiacha siku nzima, kinakujumlishia yuniti zilizoliwa.

"Unataka kupima nini, dada?" fundi akaniuliza.

"Midomo ya watu."

Akacheka sana. Mimi sikuwa natania.

Machi 14

Kompyuta na skrini zote mbili, kutwa nzima ya kazi, yuniti moja na robo. Moja na robo! Ruta ni ya kuhurumia, inalamba tu. Printa ikilala haina neno, ikitoa karatasi inaruka juu kama imechomwa sindano, halafu inatulia. Betri la akiba ndilo limenishangaza, linakula kidogokidogo hata likiwa halifanyi lolote, kama wageni fulani ninaowajua. Nimepunguza mwanga wa skrini, namba ikashuka tena.

Nikatoka kuangalia mita ya nyumba. Jana mpaka leo zimekwenda yuniti kumi na nne. Vyangu vyote ukivikusanya, ukaviongezea chumvi, havifiki mbili. Sasa hizo kumi na mbili zimeliwa na nani? Namjua. Amekaa varandani na kofia kama ndoo.

Sijalala kwa furaha namna hii tangu nirudi.

Machi 15

Mvua kutwa. Wifi hajapata mteja hata mmoja. Sikumwonea huruma.

Machi 19

Nilimfuata wifi varandani nikamwambia naomba kupima draya yake. Nilitegemea atakataa, nipate la kusema.

"Pima," akasema, mikono kiunoni. "Tena usipime yangu tu. Pima vyote humu ndani, usiruke hata kimoja, usije kesho ukasema tumeficha."

"Sitaruka."

"Haya. Na ukimaliza uandike, tusome wote."

Nikaanza na draya. Ikiwaka inavuta vibaya sana, nilipoona namba nilitaka kurukaruka kwa furaha. Lakini inawaka nusu saa, inazimwa, na mvua hizi zimefukuza wateja. Nani atatengeneza nywele akanyeshewe mlangoni? Wiki nzima wamekuja wawili. Wiki nzima ya draya haifiki siku mbili za kompyuta zangu.

Niseme kweli, niliumia. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno nitakayomwambia. Pasi nayo inawaka mara moja moja. Birika linakula kwa pupa, lakini dakika tatu limeshiba. Friji ni kuukuu, linakula, ila si la kumaliza nyumba. Kila chombo nikikipima kinatoka mtakatifu, na yuniti zinaendelea kwenda.

Machi 23

Nilibakiza chumba cha Baba. Kwa kweli sikukibakiza, sikukifikiria. Ile mashine hakuna aliyewahi kuitaja humu ndani, hata wifi na mdomo wake. Nani anamhesabia mgonjwa pumzi?

Baba mwenyewe ndiye aliyeniita. Nilikuwa napita na kidude mkononi, akagonga ukingo wa kitanda.

"Mama, nasikia unapima nyumba nzima. Mimi mbona hujanipima? Nimekuwa si mtu wa humu?"

"Wewe ni dawa, Baba. Dawa haipimwi."

"Dawa ndiyo inapimwa kwanza. Lete."

Baba na umeme ni hadithi ndefu. Sisi tumekua tukiitwa kutoka kitandani, "Nani ameacha taa ya choo?" na aliyeiacha anakwenda kuizima mwenyewe, gizani, analia. Nikaona mzee anataka mchezo, nikampa. Alitoa mpira wa oksijeni puani, nikachomoa waya. Mashine ikikosa umeme inapiga kelele ya kukera, kama mbuzi aliyefungwa juani. Nikaweka kidude katikati, nikairudisha, ikaanza kunguruma, Baba akarudisha mpira.

Nikasoma namba. Nikaizidisha kichwani kwa kutwa kucha. Nikaizidisha tena.

"Baba! Yuniti nane kwa siku!"

"Hizo ni nyingi au kidogo?"

"Nyingi, Baba! Ndiyo hii! Ndiyo hii hasa!"

Nilipiga makofi. Nilipiga makofi mbele ya baba yangu mwenye mpira puani. Miezi minne nimesemwa, nimenuniwa, nimewekewa kikao, na jibu lilikuwa linanguruma nyuma ya ukuta wangu. Nilitaka kucheza.

Baba akacheka pamoja nami. "Basi mwizi kapatikana," akasema.

"Si mwizi, Baba."

"Eeh, si mwizi." Akaniomba kidude akisome mwenyewe. Akakiweka mbali, akakiweka karibu, mpaka nikamfuatia miwani.

Machi 24

Nimeandika yote kwenye karatasi moja kwa herufi kubwa, nimeibandika kwenye mlango wa friji. Chombo, na kinachokula kwa siku. Ya Baba juu kabisa, zangu chini ya friji, hazifiki hata robo yake.

Wifi ameisoma kimya. Amerudi kuisoma tena akiwa na kikapu cha nguo kiunoni. Mara ya tatu akasema "Kumbe!" akaenda zake. Kaka ameisoma jioni, akatoa simu akaipiga picha. "Sawa, sawa," akasema. Halafu akaingia kwa Baba, akafunga mlango. Kaka ana adabu, kila akitoka kazini lazima amsalimie mzee kwanza.

Machi 28

Wifi ameniletea chai mezani kwangu. Haijawahi kutokea. Amesimama nyuma yangu mpaka nikavua hedfoni.

"Wifi, nilikusema vibaya."

"Ulinisema sana."

"Basi nisamehe."

Nikamwambia tutaona. Nilijisikia mkubwa kama nyumba. Aliendelea kusimama kama mtu mwenye neno jingine, nikarudisha hedfoni.

Aprili 3

Jamani, umeme umeanza kudumu! Nilikwenda kwenye mita nikafikiri nimesoma vibaya. Zamani ulikuwa unaporomoka, sasa unatembea. Sikubadilisha chochote kwangu, kwa hiyo ni wao. Ile karatasi imewanyoosha. Pasi inapigwa mara moja kwa wiki, taa zinazimwa, birika sijalisikia. Watu wakisutwa kwa namba wanashika adabu.

Aprili 7

Mvua. Kazi nyingi. Nimeandika mkutano wa watu waliobishana saa tatu kuhusu rangi ya ukuta.

Aprili 10

Baba ameanza kupenda redio. Anaifungua kwa sauti mpaka inapenya hedfoni zangu. Nimekwenda kumwomba apunguze, nikamkuta amekaa kitandani, mpira puani, ameegemea mito mitatu. Midomo yake haina rangi nzuri. Akasema ni baridi ya mvua hizi. Nikamfunika blanketi, nikapunguza redio. Sijafika mezani kwangu ameirudisha.

Aprili 14

Wifi haishi kuingia chumbani kwa Baba. Akitoka jikoni anapitia huko, akitoka varandani huko. Jana nimewasikia wanabishana kwa sauti ya chini, nilipotokea wakanyamaza. Sasa nimeelewa ile chai na ule msamaha. Nyumba hii ni ya Baba, na Baba hajasema ataiacha kwa nani. Mtu hawezi kuacha tabia yake kwa siku moja.

Aprili 16

Yuniti zinatosha mpaka mwisho wa mwezi. Kaka amesema mbele ya wote kwamba kompyuta zangu zibaki. Nimeshinda.

Aprili 19

Sijui nianzie wapi, nitaandika hivyohivyo.

Leo mchana umeme umekatika, si wa kuisha, wa kukatika mtaa mzima kwa mvua. Betri langu la akiba likaanza kulia. Nikavua hedfoni, nikahifadhi kazi, nikasimama kwenda kumbadilishia Baba, maana umeme ukikatika tuna mtungi wa oksijeni wa akiba. Nimefika mlangoni nikajiuliza kimepungua nini. Redio imenyamaza. Mvua inanyesha. Na mashine hailii. Ile kelele ya mbuzi, haipo.

Nikaingia. Baba amekaa, mpira puani, macho amefumba. Nikashika mashine. Ikifanya kazi inapata joto, unaweza kuukausha mkono juu yake. Ilikuwa baridi kama sakafu.

"Baba, hii imezimwa."

"Umeme umekatika, mama."

"Umekatika sasa hivi. Hii ni ya baridi. Imezimwa tangu lini?"

Nikamfungulia mtungi kwanza, kizibo kinateleza. Alipoanza kuvuta hewa nikaona uso wake unabadilika, unarudi, ndipo nikajua ulikuwa umekwenda wapi wiki zote hizi na mimi namfunika blanketi tu.

Akaniambia kidogokidogo, kwa kupumzika. Siku ile ya karatasi Kaka aliingia na simu, akamwonyesha picha. "Hakusema nizime. Aliniuliza tu, Baba, unaonaje ikipumzika mchana? Na yeye kaka yako kabeba matumizi ya nyumba nzima. Nikaona hakukosea."

"Na nesi alisemaje?"

"Nesi hanunui umeme."

"Baba!"

"Mchana nimekaa tu, sibebi mzigo, sikimbii. Hewa ya nini yote hiyo? Nikaona nifungue redio, ukimya usije kukusumbua."

Ukimya usije kunisumbua! Mzee wangu amekaa siku kwa siku na mpira mtupu puani, tukipita tuone amevaa, na redio juu ili mimi upande wa pili wa ukuta nisijue.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kikao chenu nilikisikia, ukuta huu wa mbao. Ungekwenda wapi na vyombo vyako?"

Nilimgombeza. Baba yangu, sijawahi kumjibu hata nilipokuwa na kiburi cha usichana, leo nimempigia kelele mpaka nikakosa sauti. Nikamwambia ni mbinafsi, amenipa kitu ambacho sikuomba. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema tu, "Punguza sauti, watoto wa watu wamelala." Hakuna aliyekuwa amelala.

Wifi akaingia ameloa, na nguo alizoanua. Akaangalia mtungi, akaniangalia mimi.

"Umejua," akasema.

"Na wewe ulijua?"

"Nikiiwasha anaizima. Kila siku. Nikitoka jikoni naiwasha, nikirudi imezimwa. Nimemwomba, nimepiga magoti hapo ulipo. Ameniapisha nisikwambie, anasema utahama."

"Ungeniambia hivyohivyo!"

"Lini, wifi? Nilikuja na chai, ukavaa hedfoni."

Aprili 20

Kaka. Nilimsubiri getini ili asipate nafasi ya kukaa.

"Sikumlazimisha," akasema. "Mzee mwenyewe alisema anajisikia nafuu."

"Ulimpelekea picha."

"Nilimwonyesha hali ilivyo. Yeye ndiye mwenye nyumba."

"Ulijua ataizima! Mtu aliyetuamsha usiku kwa taa ya choo, umwambie anakula kuliko sote, ulifikiri atafanya nini?"

Akafunga geti. Nikategemea "sawa, sawa."

"Karatasi uliandika wewe," akasema. "Ukaibandika kwenye friji, ya kwake juu."

Amesema kwa upole uleule. Angenipiga ningejua la kufanya.

Aprili 21

Nimehamishia meza, kompyuta na kila kitu chumbani kwa Baba. Mashine inawaka, mguu wangu uko kwenye waya wake. Ile karatasi nimeichana. Kazi naifanya na hedfoni sikio moja.

"Hao wanaongea nini?" Baba ameniuliza.

"Bajeti, Baba."

"Wanapatana?"

"Hata kidogo."

Akafurahi. Wifi ameleta chakula chetu sote watatu, tumekula hukohuko. Nilimdhania mwizi wa nyumba, kumbe ndiye pekee aliyekuwa anagombania pumzi. Nimemwomba radhi. Amesema, "Tutaona," halafu akanipiga begani.

Aprili 24

Miguu ya Baba imevimba.

Aprili 27

Tumempeleka hospitali. Daktari anasema moyo umechoka, umefanya kazi bila hewa ya kutosha kwa wiki kadhaa.

"Mashine ya nyumbani ilikuwa inawaka muda wote?" akauliza.

Kaka alijibu kabla sijafungua mdomo. "Umeme wa kwetu unakatikakatika, daktari."

Daktari akatikisa kichwa kuusikitikia umeme. Nilimwangalia wifi, wifi akaangalia chini. Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa na namba zote na nikanyamaza.

Mei 3

Baba amefariki.

Mei 11

Matanga yamekwisha, viti vya kukodi vimerudishwa. Watu walisema kazi ya Mungu haina makosa, nikaitikia. Kaka amelia kuliko wote, amelia mpaka ameshikwa na watu wawili. Na analia kweli, hilo ndilo linanimaliza. Ningependa awe mtu mbaya. Ingenisaidia sana. Ni mtu aliyechoka na matumizi, akauliza swali kwa sauti ya chini.

Mimi je? Mimi nilitaka kushinda. Sikutaka kujua nani anakula umeme, nilitaka kujua si mimi. Nikampata, nikampigia makofi.

Wifi ndiye anayenilisha siku hizi. Anakaa mpaka nimalize sahani, kama mtoto.

Mei 15

Umeme upo. Hakuna anayeutaja.

Mei 20

Kaka ameniambia chumba cha Baba nikichukue, ni kikubwa, vyombo vyangu vitapata nafasi. Nimekataa. Akasema, "Sawa, sawa."

Mei 26

Mvua zimekwisha. Leo amekuja mtu kununua mashine. Kaka aliitangaza bila kuniambia, na sikuwa na nguvu ya kugomba. Ikikaa hapa itamfaa nani?

Ni mwanamke wa makamo, viatu vimeganda tope la njiani. Mumewe yuko hospitali, wamemwambia haruhusiwi kutoka mpaka mashine iwepo nyumbani. Aliizunguka, akaigusa kama anavyogusa mtu ng'ombe wa kununua. Kaka akaiwasha. Ikanguruma. Wifi akaondoka sebuleni.

"Inakula umeme sana?" yule mama akauliza. "Nauliza kwa sababu kwetu tunakaa na wakwe, mita ni moja, na maneno hayaishi."

"Muulize huyu," Kaka akasema, akanionyesha kwa mkono, na wala hakuwa na ubaya, alisema kama mtu anayejivunia ndugu yake. "Huyu ndiye mtaalamu wetu. Alipima kila kitu humu ndani."

Yule mama akanigeukia. Namba ninayo. Hata nikiamshwa usingizini naitaja na desimali zake.

"Haili kitu, dada," nikasema.

Kaka akainua kichwa.

"Kweli? Maana umeme wetu hata sasa unakwisha ovyo."

"Huko kwenu kuna mtu ana kompyuta?"

"Yupo shemeji yangu mdogo. Anazo mbili, kutwa kucha ziko wazi."

"Basi ni hizo," nikasema. "Kompyuta ndizo zinamaliza umeme. Hii we iwashe, usiizime. Hata mgonjwa mwenyewe akikwambia ana nafuu, usiizime."

Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru sana.